Tegemezi

Saa moja asubuhi, Julai, Moshi.
Kwa baridi hii hata chaki inagoma kushika ubao.
Dakta Mrutu hufundisha Kiingereza nusu saa nzima,
na akiona tumezimika kama taa za Pasua
hujipangusa vumbi kwenye koti, husema:
"Haya. Sasa tuongee."

"Mkiwa na vekta tatu,
na mojawapo mnaweza kuiunda kwa zile mbili,
hiyo ni tegemezi.
Ifuteni. Hampotezi kitu."
Akachukua dasta, akaifuta.
Vumbi jeupe likatua juu ya kiatu chake.

Neno lile nilikuwa nimeliandika wiki iliyopita,
peni ya bluu, herufi kubwa, fomu ya mkopo.
Uhusiano na mlezi: mdogo wake. Hali: tegemezi.
Kaka Ndekirwa alitia sahihi juu ya kaunta ya vipuri,
kidole kina grisi, fomu ikapata doa.

Kwa kaka hesabu naijua bila kufundishwa.
Vyumba viwili, watu sita, sahani tano.
Mimi hula kwenye mfuniko wa hotipoti,
nasema napenda hivyo.
Wifi Aikande hasemi neno.
Hupima mchele wa Mabogini kwa kikombe,
na kikombe cha nne hukaa kidogo hewani
kabla hakijamwagwa.
Nakiona kinapokaa.

Mtihani ulipokuja, wenzangu walikuwa na desa
na kundi la kupiga msuli usiku.
Mchomvu alipunguza safu kama anayemenya ndizi,
moja, sifuri, sifuri, huku anatafuna karanga.
Mimi nilikosea alama ya kutoa, safu ya pili,
na kila kilichofuata chini yake kikaoza taratibu.
Dakika zikiisha, pembezoni mwa karatasi, nikaandika:

*Hesabu imenishinda, namba zimenikimbia,*
*Mlima sikuupanda, nimekwama kwenye njia,*
*Sifuri ninaipenda, ndiyo inayonijia,*
*Mwalimu, usije konda, sapu nitairudia.*

Karatasi ilirudi na wino mwekundu:
"Mizani imetimia. Alama hamna. Njoo ofisini."

Ofisini, chupa ya chai na kiti kimoja, nikapewa mimi.
Aliandika vekta tatu, alama za kujumlisha,
mwisho wa mstari sawasawa na sifuri.
"Tegemezi ni ipi?"
Nikagusa ya tatu.
"Kwa nini?"
Kwa sababu imekuja mwisho, nikasema.
Hakucheka. Akanipa peni. "Hamisha ya kwanza."
Nikaivusha ng'ambo ya alama ya sawasawa:
ikasimama peke yake, imeundwa na zile mbili.
"Rudisha. Hamisha ya pili."
Nayo vilevile.
"Unaona? Neno hili ni la kundi.
Vekta moja haiwi tegemezi peke yake,
labda iwe sifuri.
Na wewe si sifuri,
ingawa karatasi yako imejitahidi."

Nilirudi kwa miguu, nikihamisha watu.
Nikamvusha kaka: daftari lake la madeni
naliandika mimi kila Jumapili,
yeye tarakimu humchanganya kuliko mimi.
Nikamvusha wifi: zamu zake za usiku hospitalini,
na nani hubaki na watoto?
Kikombe cha nne sikujua nikiweke upande gani.
Nilifika mlangoni sijapata jibu.

Septemba nilipata arobaini na moja.
Arobaini ndiyo ya kupita.
Sikumwambia mtu ile arobaini na moja,
nilisema tu, nimepita.

Lakini jioni ile ya Julai, Aikande alikuwa jikoni,
kikombe mkononi, hewani, kama kawaida.
Bila kugeuka akasema,
"Nenda kamwone Anandumi.
Tangu saa moja amekataa kulala,
anasema mpaka urudi."
Kisha akamwaga mchele,
na mimi nikachukua mfuniko wangu.