Koti la Msukule

Mimi ndiye msukule. Samahani kuanza hivyo,
lakini Tukuyu nzima inanijua kwa jina hilo;
hata muuza parachichi wa Katumba hunipunguzia bei
ili niondoke mapema mbele ya wateja.

Filamu tuliipiga siku nne, kwa simu ya Gwamaka
yenye kioo kilichopasuka kama ramani ya mito.
Damu: rozela na unga wa muhogo.
Ukungu: wa bure, ulikuja wenyewe saa kumi jioni
na ukagoma kuondoka tulipotaka jua.
Kaburi tulilichimba nyuma ya migomba ya shangazi yake,
akatudai fidia ya machipukizi mawili.
Nilifufuka mara saba. Mara ya tatu nilipiga chafya.
Gwamaka akasema, iache,
hata wafu wa Rungwe wana mafua.

Jumamosi, banda la Anyosisye, kiingilio mia tano.
Nilikaa benchi la nyuma, kofia hadi kwenye nyusi.
Mvua ikapanda juu ya bati
ikameza maneno yote ya mganga;
tukabaki na mdomo wake, unafunguka, unafumba,
kama kambale aliyetolewa kwenye ndoo.

Hapo ndipo banda lilipopasuka.
Upande wa mlango, vijana wa bodaboda
walicheka mpaka benchi likavunjika mguu:
"Msukule kavaa saa! Muulizeni ni saa ngapi!"
Upande wa ukuta, wachuma chai
walijifunika khanga, wakachungulia kwa jicho moja,
na mmoja wao, Atupele, akawageukia wenye kelele:
"Chekeni. Ninyi hamjawahi kuzika mtu
kisha mkasikia jembe lake shambani."
"Dada, ile ni rozela!"
"Na wewe je, nani ajuaye umejazwa nini?"

Ngumi zilikaribia. Anyosisye akawasha taa,
akapanda kiti, akatoa hukumu:
aliyeogopa kapata alicholipia,
aliyecheka kapata zaidi,
fedha hairudi.
Mzee mmoja alidai nusu yake:
alicheka mwanzo, akaogopa mwishoni,
kwa hiyo kila filamu kaiona nusu.

Mimi nilikuwa namtazama Mama Tusajigwe.
Hakucheka. Hakujifunika.
Mikono mapajani, viganja juu,
kama anayesubiri kushikishwa uzi.
Kila nilipotoka kaburini alisogea mbele kidogo,
na nilipouawa kwa mwiko wa ugali
(wazo la Gwamaka, nililipinga)
aligeukia ukuta mpaka majina yakapita.

Koti lile lilikuwa la marehemu mumewe.
Gwamaka alikwenda kuliazima, akarudi nalo kwenye mfuko wa sukari,
limekunjwa vizuri, linanuka moshi na tumbaku.
Mama aliuliza jambo moja tu:
huyo atakayelivaa, ana mabega?

Jumamosi ya pili alikuja. Ya tatu pia,
mia tano yake imefungwa kwenye pindo la khanga.
Wakati huo Anyosisye alishachora mstari wa chaki sakafuni,
wachekaji huku, waoga kule,
na kila upande ukiamini ule mwingine ni wa wajinga.
Yeye aliweka kigoda chake juu ya chaki
akaifuta nusu kwa sketi.

Ya nne akanivizia mlangoni, mvua ikinyesha.
"Ugonile," nikasema, nikitaka kupita.
"Kifungo cha pili kimelegea," akasema.
"Unafufuka kwa pupa. Kitadondoka. Kilete nikikaze."

Nikalipeleka kesho yake, baada ya kanisa.
Akashona karibu na dirisha, bila haraka,
akakata uzi kwa meno, akalikung'uta,
akanivalisha yeye mwenyewe, kola akaigeuza vizuri.

"Sasa nenda mpaka kwenye ule mgomba wa mwisho, urudi."
Nikanyoosha mikono mbele, nikalegeza shingo.
"Siyo vile," akasema. "Kawaida tu.
Kama mtu aliyetoka mnadani."

Nje ukungu ulikuwa umeanza kushuka.
Nikavua saa kwanza.