Wingu la Kukodi

Masika ya mwaka juzi mlizamu wa jirani ulifurika
ukamimina dukani kwangu, hapa Kuze,
juu ya majora ya bafta,
juu ya daftari la vipimo vya miaka kumi na tisa.
Nilianika kurasa kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo.
Wino ulikuwa umeshajiondokea.
Mabega ya watu yamekuwa madoa ya buluu.

Twalib, mtoto wa kaka yangu, alicheka, kisha akaona haya.
"Shangazi, vipimo viweke kwenye wingu."
Nikalitazama dari, lingali linatona.
"Wingu ndilo lililonifanya hivi."

Akanieleza, huku akimaliza mahamri yangu:
ni kompyuta za watu, maelfu,
zimepangwa safu safu kama makasha ya Kilindini,
ndani ya jumba la baridi usilolijua mlango,
nawe wakodi kipembe, kama akodivyo mtu chumba Majengo.
"Na vipimo vyangu vitafikaje huko?"
"Kwa waya, Shangazi. Wapita chini ya bahari,
watokea nchi kavu papa hapa Mombasa."

Basi wingu langu liko chini ya maji.
Nilinyamaza. Lugha yetu imebeba makubwa kuliko hayo.

Tukaandika upya, mteja mmoja mmoja.
Niliomsahau nilimwita aje nimpime,
na wengi walikuja na vitambi vipya.
Nikamwandika na Mbarak, mume wangu,
kwa kanzu yake ya mwisho, kabla sijaitoa sadaka.
Hakuna wa kumshonea. Niliandika tu.

Raha niliiona, sitaificha.
Mahdhi alipiga simu toka Maskati, arusi Ijumaa,
nami niko Lamu kwenye hitima.
Nikafungua simu: kifua chake hiki, shingo yake hii,
na Kombo dukani akakata kitambaa kabla ya alasiri.
Simu ikaibiwa Mwembe Tayari;
nikanunua nyingine, watu wangu wakarudi wote,
hakuna aliyepungua hata inchi.
Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema.
Hawakusema daftari lenyewe likipotea.

Kisha kumi la mwisho la Ramadhani,
duka limejaa, kila mtu ataka kanzu ya Idi,
mtandao ukafa.
Waya, wakasema, umekatika mahali baharini.
Siku mbili wateja walisimama mbele yangu
na mabega yao yako nisikokujua.
Nikachukua utepe, nikaanza na aliye karibu.

Na kodi ilipanda bila kubisha hodi.
Mwenye nyumba wa Majengo ningemfuata kibarazani kwake
na maneno yangu yote.
Huyu nimfuate wapi?
Na kiuno cha mke wa mtu, nilichokipima nyuma ya pazia,
nani mwingine akisoma?
"Kuna kufuli," asema Twalib.
"Ufunguo mmoja ninao mimi. Wa pili anao nani?"
Akachukua hamri jingine.

Mwezi wa saba benki ilikataa kulipa.
Ujumbe ukaja kwa Kiingereza, nikadhani ni matangazo.
Siku ya ishirini na sita Kombo akanisomea:
zikitimia thelathini, watafuta kila kitu.
Wateja mia tatu na kumi na mbili.
Nilitafuta jina moja kwanza.

Nikachukua penseli, maana penseli haiogopi maji,
nikaandika ndani ya mlango wa kabati.
Ndipo nikaenda kulipa. Nalipa hadi leo,
na daftari jipya liko juu ya rafu, ndani ya mfuko wa plastiki.

Twalib akifungua kabati huyaona maandishi, haulizi:
bega, kumi na tisa;
mkono, ishirini na tatu na nusu;
urefu, hamsini na sita.
Shingo sikuandika.
Shingo naikumbuka.