Mengineyo

Sheha kanipa kalamu, kaniambia: Mchande, andika,
usiache hata kuku.
Naandika.

Jumanne, saa nne kasorobo, kona ya Ngwachani.
Lori lililotoka bandarini Mkoani
lililala ubavu, likamwaga mitungi yake kumi na minane.
Mmoja ulikatika shingo.
Dereva alitokea dirishani, damu puani, akapiga kelele:
"Pandeni juu! Msishuke bondeni!"
Nasi hofu zetu zote, tangu na tangu, hushuka bondeni kwenye maji.

Moshi wenyewe haukupaa kama moshi wenye adabu.
Wa kimanjano, mzito, ulitambaa na nyasi,
ukapita chini ya milango kama mdai aijuaye nyumba.
Na huo ulikuwa msimu.
Karafuu zilikuwa juani, jamvi kwa jamvi,
kutoka barazani kwa Bi Mkasi hadi ukingo wa lami,
za siku ya tatu, ukizivunja zalia.
Nilimshika mkono, akaupokonya.
"Mvua yenyewe haijapata kunitoa hapa."
Nilimbeba. Naomba hilo nalo lisomwe:
nilimbeba, mzito, akinitukana hadi kileleni.

Zimamoto wa Chake walifika kwa dakika arubaini.
Vinyago walikuwa navyo viwili,
kimoja mpira wake umeliwa na panya.
Wakasimama. Wakapigia Mjini,
Mjini wakapigia Bara, Bara wakauliza:
mtungi una rangi gani?
Rangi ikapanda simu, ikashuka simu,
huku migomba ya Kombo Faki inajikunja majani.
Shaame Hamadi, kijana wa Konde, mwenye kinyago kizima,
hakungoja jibu lishuke.
Aliingia. Tuliona mgongo, kisha hatukuona kitu.
Koki aliifunga. Hewa ya mgongoni ilimwishia akirudi.
Mpaka leo yuko hospitali, anakohoa,
mkewe anamkanda kifua.
Sina pa kumtia: si mkaazi wa shehia hii.

Usiku barabara ilifungwa, skuli ikatupokea.
Serikali, nisiidhulumu, ilileta mchele, magodoro,
na muuguzi aliyetutia maji machoni
mmoja mmoja mpaka alfajiri, jina lake sikulishika.
Siku ya tatu ikaleta turubai, viti vya plastiki na Mheshimiwa.
"Hali imedhibitiwa," alisema, kwa mbali, akiuchunga upepo.
Bi Mkasi akanyosha kidole:
"Kile kilichotoka ni kitu gani?"
Wakanong'onezana. "Bibi, ni dawa ya maji."
"Dawa," akasema. "Na sumu yenu ikoje?"

Kisha likaja tingatinga.
Karafuu zote, za jamvini na za guniani,
zilizoguswa na zilizodhaniwa zimeguswa,
zilisukumwa shimoni na makonyo yake,
chokaa juu, kama maiti wa ndui.
Pishi mia tatu na ishirini na sita.
Hesabu hiyo ni ya midomo ya watu;
hakuna aliyeruhusiwa kupima.

Fomu imeshuka kutoka wilayani na safu zake:
waliofariki, majeruhi, nyumba, mifugo, vyombo.
Waliofariki, hapana, alhamdulillahi.
Kuku, kumi na tisa. Mbuzi wawili, mmoja ana mimba.
Karafuu haina safu.
Nimeitia chini kabisa, penye kijistari cha upana wa kucha,
Mengineyo,
na kwa kuwa ndiyo ada ya skuli, ndiyo bati,
ndiyo mahari ya Riziki, ndiyo deni la duka,
herufi zimebanana, nimeandika pembeni,
nimegeuza karatasi, nimeandika nyuma.

Mvua za vuli zimeanza. Shimo linanukia.
Wapitao kwa gari hushusha vioo,
huvuta pumzi, husema: Pemba hiyo!
Sheha kaniuliza kama nimemaliza.
Nimemwomba karatasi nyingine.