Fungua cha Juu Kwanza

Verlin, kitabu cha gari kinasema maili laki moja.
Kiliandikwa na mtu asiyevuta kitu,
aendaye kanisani Jumapili na kurudi,
tela yake ni kivuli chake tu.

Sisi tunavuta mizinga tisini na sita
kutoka Dakota Kaskazini hadi kwenye milozi ya California,
kila Januari. Nyuki wamelala, difu iko macho.
Fuata nyuki ule asali, husema watu.
Nimewafuata maili elfu moja na mia saba
nikala mkate mkavu kwenye kituo cha mafuta cha Winnemucca,
nikisikiliza ekseli ya nyuma inavyonuna.

Ilianza kama mtu anayeimba puani chumba cha pili.
Nikiachia mafuta, kimya. Nikikanyaga, inarudi.
Nikaongeza sauti ya redio.
Ndivyo ulivyonifundisha kutibu kelele.

Leo ni Aprili, theluji bado imejificha nyuma ya banda.
Nimeendesha hadi ghala la nafaka na kurudi
ili oili ipate joto; baridi ya huku huigeuza uji.
Kisha nikalala chini ya gari, juu ya kipande cha boksi.

Fungua cha juu kwanza, aliniambia Delphine Azure wa gereji,
tundu la kujazia kabla ya la kumwagia.
Wapo waliomwaga, halafu wakakuta kizibo cha juu kimeshikwa na kutu,
wakabaki na difu tupu isiyojazika.
Nikaanza na cha juu. Kikakataa.
Nikakigonga nyundo, kikalia, kikakubali.

Halafu cha chini.

Oili mpya ni rangi ya asali ya alfalfa,
unaweza kusoma gazeti nyuma ya chupa.
Hii ilitoka nyeusi, inanuka mayai viza,
na ndani yake nyota nyota,
chuma kilichosagana chenyewe kwa chenyewe gizani.
Sumaku ya kizibo imeota manyoya ya kijivu.
Manyoya si neno, alisema Delphine, manyoya ni umri.
Ukikuta kipande chenye kona, hilo ni jino.

Nilikuta kimoja.
Kidogo kuliko ukucha wa mtoto.

Katika daftari lako la dashibodi, mwandiko umelala ubavu:
*Difu, nimebadilisha.* Oktoba ile uliyoondoka.
Maili umeziandika zote, hata ile ya mwisho,
na risiti umeibana kwa klipu.
Makopo matatu niliyakuta jana nyuma ya fremu za nta,
lakiri haijavunjwa hata moja.

Ulinunua. Uliandika. Ulifika mlangoni kwa kazi,
sijui nini kilikushika mkono.
Nilipanga kukasirika, nikakosa pa kuanzia.

Ansel wa jirani amefunga tela ya ng'ombe
kwenye pikapu aliyoinunua mnadani. Aliniuliza: lini?
Ukivuta, maili elfu thelathini, nikamjibu;
mapema zaidi kama ni milimani.
Ekseli ikizama mtoni, usingoje kesho.
Gia zikiwa mpya, maili mia tano za mwanzo, basi umwage.
Akaandika kiganjani kwa kalamu ya wino.
Sikumwambia kuandika si kubadilisha.

Nimekwangua gasketi kuukuu, nimepangusa, nimefunga cha chini,
nimejaza kwa makopo yako, Verlin, yale yale,
mpaka ikafurika tunduni,
uzi mwembamba wa dhahabu ukishuka kiwiko.
Haitaotesha jino. Itanifikisha kwa Delphine.
Nyuki mmoja, wa kwanza mwaka huu, akaja, akanusa,
akaona si yake.

Nikaosha mikono kwa mafuta ya taa.
Nikafungua daftari, nikaandika chini ya mstari wako:
*Difu, nimebadilisha.* Maili za leo.
Wako sikuufuta.