Mbachao

Kidderminster, kiwanda cha mazulia,
ghorofa ya chini kabisa, nyuma ya marobota ya sufu,
mashine ya mwaka tisini na nne inahema.
Skrini nyeusi, herufi za kijani.
Nywila haina. Enzi zake hapakuwa na wa kumwogopa.

Ndani zimo ruwaza elfu tatu na mia nne,
kila ua, kila pindo, hesabu ya kila fundo,
na ajuaye kuziamsha ni mmoja,
Maureen Tolley, miaka sitini na tisa,
mkaazi wa Bewdley, ukingoni,
ambako Severn ukifurika barabara hugeuka hadithi.

Wauzaji walikuja na suti zao.
Ng'oeni hili dude, tuwawekee jipya.
Bwana Pargeter akaitazama bei, akatazama dirisha,
akaniita mimi.
Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha Pangani:
usiache mbachao kwa msala upitao.
Akadhani nazungumzia mazulia. Nikamwacha adhani.

Mashine sikuigusa.
Mzee hapasuliwi kwa sababu ya mafua.
Nilichukua kijikompyuta kilichotupwa na wahasibu,
nikakitia Linux, nikakiketisha mlangoni kama bawabu:
wa nje abishe hapo, asijue ndani analala nani.
Kisha nikachimba handaki
toka kiwandani mpaka jikoni kwa Maureen,
nikamkatia ufunguo pacha,
mmoja wa kutundikwa mlangoni, hata mwizi na ausome,
mmoja wa kulala naye, asimpe mtu, asinipe hata mimi.

"Programu hizi zimetugharimu kiasi gani?"
Si za bure tu, Bwana Pargeter. Ni huru.
Wamezishona watu nisiowajua,
wakaziacha upande wa ndani uko nje
ili yeyote akague mshono.
"Ndiyo. Lakini kiasi gani?"

Alhamisi maji yakapanda.
Maureen akapiga simu: "Naona kijani."
Kimya.
"Mbona hakuna baridi?"
Miaka thelathini aliifungua mashine hiyo
akiwa na koti mwilini.

Siku hizi kila Jumatatu nasoma daftari la bawabu.
Saa tisa na dakika kumi na mbili usiku: Tolley ameingia.
Dakika arobaini. Ametoka.
Oda iliyoguswa, hakuna.
Nasikia marehemu mumewe, Clive, alikuwa mchoraji hapo,
na jina la kila ruwaza huanza na herufi za aliyeichora.
Au labda hana usingizi tu, kama sisi wengine.

Handaki nimelichimba kwa mikono yangu
na nimelichimba vizuri:
hata mimi sioni kinachopita.