Mafiga Matatu, Wanawake Sita

Umeme umekatika tena Bukavu, na Mwalimu Zihalirwa
anachora kwa kipande cha chaki kilichobaki kama jino la mtoto:
kaboni, kaboni, oksijeni.
"Mafiga matatu," anasema, "ila haya yamebanana.
Pembe ni nyuzi sitini, na kaboni inataka mia na tisa.
Hiyo ndiyo epoksidi.
Mkilala hivyo, mtaamka na shingo gani?"

Darasa linacheka. Mimi sicheki sana.
Nyumba yetu ya mbao, Kadutu, chini ya mteremko,
ilikuwa hivyo tangu baba aende Shabunda asirudi:
mama, Cirhuza na mimi,
kitanda kimoja, goti kwenye mgongo,
neno dogo tu (nani amemaliza chumvi?)
na mbao zote zinalia.

Kisha anachora pembe sita.
"Benzeni. Hii usiisukume, imetulia.
Elektroni zake zinazunguka, hazina mwenyewe."
Hizo nilikwisha kuziona:
kila Jumamosi, nyuma ya soko, likelemba ya mama,
wanawake sita juu ya vigoda, faranga zilizochakaa
zikipita mkono kwa mkono.
Uliza ni za nani, watakucheka.
Nabintu wa sambaza humshusha mtoto mgongoni,
hujitwika gunia la mgeni,
na hatoki kwenye duara.

Umeme ulirudi saa mbili usiku.
Katika chupa, pete tulivu ya sita
ilikuwa imenyoosha mkono,
na mkononi imeshika yale mafiga yaliyobanana.
Nikadondosha amini, tone kwa tone.
Ndilo jina lake, amini. Sikulitunga mimi.
Haigongi mlango wa mbele;
huja kwa nyuma, upande ambao oksijeni haiangalii,
na pembetatu ikafunguka.
Sikusema ikavunjika.
Oksijeni ilibaki imeshika kaboni moja,
mkono wa pili ukadaka hidrojeni;
kaboni jirani ikampokea mgeni.
Nilihesabu mara mbili. Hakuna aliyepotea.

Asubuhi, fuwele: asilimia thelathini na moja.
Mwalimu alikuna kidevu. "Nyingine imekwenda wapi, Nsimire?"
Sikujua. Bado sijui.

Umbo lake ni ndugu wa kidonge cha presha
ambacho mama hukikata nusu ili mwezi ufike.
Sikumpelekea. Maabara si duka la dawa.
Nilimchorea tu, nyuma ya daftari la likelemba,
kwenye ukurasa ule ule ambapo zamu yake
iliandikwa, ikapigwa mstari, ikawa minerval yangu.
Akaweka kidole kwenye pembe sita.
"Hawa ni sisi," akasema, bila kuuliza.

Cirhuza akainama, mdomo umejaa ugali.
"Na sisi watatu tuko wapi?"
Nikatafuta pembetatu, haikuwapo tena.
Nikamwonyesha mahali tulipofungukia.