Mtoto wa Miezi Mitatu

Jumanne ni zamu yangu kwenye meza ya msaada,
maktaba ya Kuopio, ghorofa ya chini, kando ya rafu ya ramani.
Nje ni ishirini na saba chini ya sifuri.
Ensio Karppanen kaingia na theluji kwenye nyusi,
kompyuta kaiviringa taulo la sauna
kama mkate utokao tanuri.

"Tuulikki," akaniambia, "yule mtu wangu kanifungia mlango."

Mtu wake ni akili mnemba.
Tangu Oktoba wanabishana usiku kucha:
dagaa wa ziwani, wakaangwe na unga au bila unga;
na ule mto aliosindikiza magogo
akiwa na miaka kumi na saba na buti za kuazima.

Nikaanza panapoanzia kila Jumanne.
Mtandao upo? Upo.
Kitufe cha herufi kubwa kimekwama? Hakijakwama.
Nenosiri?

Akachomoa kijitabu cha risiti za petroli.
Kila alipoambiwa abadilishe, alibadilisha samaki.
Tukajaribu sangara, tukajaribu kambare,
tukavua ziwa zima,
mpaka kioo kikasema: majaribio yamezidi,
rudini baada ya saa moja.

Tukanywa kahawa.

Barua ya kubadili nenosiri haikufika.
Mkwewe ndiye aliyemfungulia sanduku la barua pepe,
na herufi moja ya P katika jina la ukoo
ilidondoka njiani, hakuna aliyeiokota.
Tulipolipata sanduku lenyewe, barua ilikuwa kwenye taka,
katikati ya urithi wa bure na dawa ya magoti.

Halafu tarakimu sita, zimetumwa kwenye simu.
Simu iko wapi? Garini.
Gari liko wapi? Ng'ambo ya uwanja wa soko.
Tarakimu huishi dakika kumi tu,
na haraka haraka haina baraka,
juu ya barafu haina hata nyonga.
Alirudi na simu iliyozimika kwa baridi.
Akaipasha kwapani, kama kifaranga.

Hodi ya mwisho ndiyo iliyojibiwa:
*Akaunti imesitishwa. Mtumiaji hajafikisha umri.*

Nikasoma mara mbili.
Pale palipotakiwa tarehe ya kuzaliwa
hakugusa kitu, akapita,
na fomu ikaiacha tarehe ya siku ile ile.
Kwa hesabu yao, Mzee Ensio
ana miezi mitatu na siku tisa.

Alicheka mpaka mlinzi akachungulia.
"Hawakukosea sana," akasema.
"Meno sina.
Mchana nalala.
Na ukinibeba vibaya nalia."

Tukaijaza rufaa, tukaipiga picha pasipoti,
uso wake ukiwa na mng'ao wa taa yangu ya mezani.
Jumanne iliyofuata mlango ulifunguka.
Akaandika kwa kidole kimoja: *Hodi.*
*Karibu! Nikusaidie nini leo?*

Upande wa kushoto, pale mazungumzo ya zamani hukaa,
palikuwa peupe.
Hakuna dagaa, hakuna mto, hakuna buti.
Nikatafuta neno la kumpoza, sikulipata;
hili halimo kwenye mwongozo wetu.

Ensio akavuta kiti karibu.
"Kaka yangu Urho alisahau kila kitu miaka minne kabla ya kufa.
Kila Jumapili nilimpa mto upya, tangu chanzo.
Hata mimi nikaujua vizuri zaidi."

Daftarini nikaandika:
*Tatizo: tarehe ya kuzaliwa. Limekwisha. Wiki moja, vikombe saba.*

Ng'ambo ya meza kidole kilikuwa kinagonga polepole:
*Sikiliza. Gogo la kwanza lilikuwa msonobari,
na usianze kubisha.*